Mkaguzi wa Nyavu na Wachezaji wa Raundi ya Kwanza

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimelala porini na ng'ombe wa baba yangu huku fisi wanalia jirani. Nimevuka ghuba kwa mtumbwi unaovuja, nikikomba maji kwa bakuli. Nimesimama mbele ya hakimu kwa kesi ya shamba, nikajisemea mwenyewe bila wakili, nikashinda. Darasa la nne ndilo langu na silionei haya. Lakini alikuwepo mtu mmoja, mwembamba, mpole wa sauti, ambaye akipita nyuma ya mgongo wangu vidole vilikuwa vinasahau kazi. Tulimwita Mkaguzi. Jina lake nalijua na sitaliandika. Watoto wake wapo, na hiki ninachosema si mashtaka.

Kiwanda chetu kilikuwa cha nyavu, kidogo, upande wa Mkuyuni hapa Mwanza, mali ya serikali kama vilivyokuwa vyote. Mashine zilifunga mafundo, sisi tulizilisha nyuzi na kuziba kwa mkono, fundo kwa fundo, zilipokosea. Wavu ukimalizika ulining'inizwa kwenye ndoano karibu na dirisha, na hapo ndipo Mkaguzi alipoingia. Kazi yake ilikuwa kukataa. Alitia vidole viwili kwenye jicho la wavu, akavuta. Jicho linalofuata, akavuta. Fundo likiteleza, alitoa wembe mfukoni akakata kipande chote, hata kama kilikuwa cha nusu siku ya mtu. Ule mlio wa wembe kwenye nailoni ulikuwa mdogo kuliko kelele za mashine, lakini ukumbi mzima tuliusikia, na kila mtu alijiuliza: ni wangu?

Mtu anayefoka utamzoea, ni kama mvua, inanyesha inakatika. Yule hakufoka hata siku moja. Ukimfuata kumuuliza kosa liko wapi, alikuwa na jibu lake moja: "Fundo haliulizwi, linavutwa." Basi. Anakuacha na kipande chako mkononi.

Sasa mtu huyo huyo umwone Jumamosi mchana, zamu fupi imekwisha, amekaa kantini na kofia yake kando ya kikombe, anacheka hadi machozi yanamtoka. Ndiyo maana nasema mtu hana sura moja. Alikuwa Mlutheri wa Kagera, anaimba besi kwaya, na alikuwa hali samaki. Nyavu za ziwa lote zinapita mikononi mwake, yeye anakula ndizi na maharage. Na radi! Mwanza radi zetu mnazijua, zinapiga mpaka mawe yanaitika. Ikipiga ya kwanza tu, Mkaguzi alikuwa chini ya meza. Mama wa kantini, mwanamke mpana, mwenye ulimi, alikuwa akiinama kumchungulia.

"Mkaguzi, toka huko baba, radi haikagui mtu."

"Inakagua," anajibu kutoka chini. "Ndiyo inayokagua kuliko wote."

Kilichotukutanisha kantini ni ligi. Si ligi ya uwanjani. Ligi yetu ilikuwa ya mezani, ya kujitungia, na nitaieleza ilivyokuwa maana vijana wa leo wana simu zao hawajui. Tulikuwa watu wanne wenye timu: mimi, Dereva wa lori la kiwanda ambaye ni Mjita, Karani wa stoo, na Mama Kantini. Wachezaji wetu ni wale wale wa ligi kubwa ya nchi, tunaowasikia redioni na kuwaona wakija kucheza Mwanza, ila sisi tuliwagawana upya. Kila mmoja jina lake liliandikwa kwa wino juu ya kizibo cha soda. Msimu ukianza tulivuta vijiti kujua nani anatangulia kuchagua, halafu tunachagua raundi kwa raundi, mmoja mmoja. Uliyemchukua ni wako, mwingine hamgusi. Mechi zilichezwa kwa dadu ya ludo: mshambuliaji wako akitupa sita ni goli, beki au kipa wa mwenzako naye akitupa sita goli linafutwa.

Mkaguzi hakuwa na timu. Yeye alikuwa mpimaji. Tukishachagua wale wa raundi ya kwanza, ambao ndio uti wa mgongo wa timu, tunampangia vizibo mbele yake, naye anampima kila mmoja kwa maneno na mwisho anakwaruza kizibo kwa msumari. Mikwaruzo mitatu, mchezaji anarusha dadu mara tatu kwa mechi. Mkwaruzo mmoja, mara moja tu, na msimu wako umekufa hapo hapo chai haijapoa. Kwa hiyo, mchezo au si mchezo, mioyo ilidunda.

Namna yake ya kupima ilikuwa ngeni kwetu. Hakutaka kusikia mabao. Nakumbuka Dereva alimchukua mshambuliaji mmoja ambaye nchi nzima ilikuwa inamwimba.

"Huyu hapa," akasema Dereva, "anafunga kila wiki. Mpe tatu zangu nikalale."

"Umemwona kwa macho?"

"Nimemsikia redioni, mzee!"

"Mchezaji wa redioni, nusu yake ni mtangazaji." Mkaguzi akakigeuza kizibo. "Mimi nilimwona alipokuja hapa. Timu yake ikifungwa, wenzake wanakimbilia mpira wavuni wauweke kati. Yeye anainama kufunga kamba za kiatu. Kamba zilikuwa zimefungwa."

Kwaruu. Mmoja. Dereva akainuka akazunguka meza kama mtu aliyeng'atwa na siafu, na Mama Kantini akapiga kofi mapaja yake. "Pole Mjita, umeoa sauti!"

Haya ndiyo mambo yake. Aliuliza mchezaji akianguka anamtazama nani kwanza, refa au mpira. Aliuliza siku ya matope yuko wapi. Aliuliza nani anabeba viatu vyake. Na alikuwa na macho, mtu asinidanganye, msimu ukifika katikati mengi yalikuwa yametokea alivyosema. Lakini alikosea pia, na nikiacha kusema nitakuwa nampaka mafuta. Karani alimchagua kipa mmoja kwanza kabisa, sisi tukamcheka, Mkaguzi akampa mikwaruzo mitatu, akasema huyu mpira anausubiri kama mama anavyosubiri mtoto toka shule. Kabla hata ligi haijaanza yule kipa aliacha mpira, akaenda Geita kuchimba dhahabu.

"Sasa mzee?" Karani akalia. "Tatu zako ziko shimoni!"

"Nilipima mikono," akasema Mkaguzi. "Sikupima tamaa."

Tulimpenda kwa hayo. Ukiniuliza kama nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja, nitakwambia ndiyo, na usinitake nikueleze inawezekanaje. Jumatatu asubuhi tulikuwa tunasimama mbele ya mashine na migongo yetu inamsikiliza.

Kisha ukaja ule wakati. Ruksa ya kuagiza bidhaa nje ilishatolewa, maduka yakajaa vitu, na miongoni mwa vitu hivyo ni nyavu kutoka nje, nyepesi, rangi nzuri, bei chini ya zetu. Wavuvi hawana ujamaa na wavu. Bohari yetu ikajaa, mishahara ikaanza kuchelewa, halafu likaingia neno ambalo nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa Karani: mwekezaji. Kiwanda kitauzwa, akasema, na anayenunua hanunui watu wote.

Wale mliozaliwa baadaye mnaona kazi ni kitu cha kuja na kuondoka. Sisi kazi ile tuliipata tukajua tutazikwa nayo. Mimi nilikuwa na mke, watoto wa shule, na mama mgonjwa Misungwi, wote wameshikiliwa na mshahara mmoja. Sikuwa na cheti cha kuonyesha popote. Nikitolewa pale, mimi ni nani? Hilo ndilo nililokuwa nalo tumboni, asubuhi na jioni. Tumbo lilikaza kama mtu amelifunga fundo akavuta.

Likaja gari jeupe. Wakashuka watu wenye mikoba, wakaingia ofisi ya meneja, na baada ya muda akaitwa Mkaguzi. Akaingia, mlango ukafungwa. Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Dereva ndiye aliyewapelekea chai, akatoka amekwajuka uso.

"Yuko nao meza moja," akatunong'oneza. "Wanamuuliza, yeye anaonyesha kwa kidole kwenye ukumbi. Mimi nimeona kidole."

"Anaonyesha nini?"

"Anaonyesha watu, ngosha, mwanaume wewe! Unadhani anaonyesha ndege?"

Kufika jioni kiwanda kizima kilishajua: Mkaguzi ndiye anayechagua wa kubaki. Na mtu asiseme tulikuwa wajinga. Nani mwingine angechagua? Meneja hakuwajua watu hata majina. Yule alikuwa ametuvuta mafundo miaka yote.

Hofu iliyoingia kiwandani siku ile sijaiona tena kwa watu. Watu wazima walianza kumwamkia shikamoo mara mbili asubuhi moja. Mmoja akampelekea mkungu wa ndizi nyumbani, ukarudishwa. Mwingine, ambaye sitamtaja, alihamia kwaya ya Kilutheri na ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Tulifanya kazi kimya. Hata mashine nilihisi zinafunga mafundo kwa adabu. Naye Mkaguzi alizidi kunyamaza, anapita, anavuta, anakata, anapita. Hatukuona tofauti yoyote usoni mwake, na hapo ndipo palipotutisha zaidi.

Basi Jumamosi ikafika, na ilikuwa siku ya kuchagua wachezaji wa msimu mpya. Kila mmoja wetu alitamani isifanyike, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kukosa. Tukavuta vijiti. Dereva akatangulia. Sote tulijua atachukua mfungaji, maana Mjita yule akiota alikuwa anaota magoli. Akakohoa. Akachukua beki wa kushoto.

Nikamwangalia. Akakwepa macho. Na hapo nikaelewa hesabu yake, na hesabu yake ikawa yangu papo hapo. Mtu anayechagua mfungaji ni mtu wa sifa. Mtu anayechagua beki ni mtulivu, mvumilivu, mtu wa kuaminiwa na mashine. Karani zamu yake ikafika, akachukua beki wa kati, akaongeza kwa sauti, bila kuulizwa, kwamba yeye siku zote anapenda mtu anayewahi kazini. Mimi, mwenye haya masharubu, nikachukua kipa. Nikasema ni mtu anayekaa pale alipowekwa.

Mama Kantini alituangalia mmoja mmoja kama anayeonja mboga iliyochacha.

"Nyie wanaume, nani ameaga dunia hapa? Mnachezea timu gani, ya mahakama?" Akachukua kizibo cha mshambuliaji wake wa kila mwaka, mwenye goti bovu, akakipiga mezani. "Huyu. Nikitolewa nitolewe na mfungaji wangu."

Vikapangwa vizibo vinne mbele ya Mkaguzi. Aliviangalia muda mrefu. Kwa mara ya kwanza sikumwona akiuliza swali lolote. Akatazama beki, beki, kipa, na lile goti bovu. Akainua uso, na nakuapia ulikuwa uso wa mtu mgonjwa.

"Mnanichezea mimi," akasema.

 Soda ya mtu ilikuwa inatoa mapovu, tukaisikia.

"Raundi ya kwanza unachagua unachokitaka," akasema. "Mkichagua mnachodhani ninakitaka, mimi nipime nini hapa?"

Akakwaruza. Wote mikwaruzo mitatu, hata goti bovu, bila kuwaangalia. Akavaa kofia akaondoka, na sisi tukabaki na ligi ya mabeki. Tulijaribu kuicheza, msije mkasema hatukujaribu. Kila mechi sare, bila kwa bila, isipokuwa za Mama Kantini, ambaye alikuwa anatufunga huku anasonga ugali. Kilichonikaa kichwani si hiyo. Mimi nilitembea nyumbani nikihesabu ile mitatu kama ahadi. Amenipa tatu. Amenipa tatu, atanibakiza.

Siku ya majina walituita uani. Mtu tusiyemjua alisimama kwenye ngazi, akasema atakaowasoma ndio watakaobaki, wengine wapite dirishani kwa mhasibu. Akasoma. Nyie, kusikiliza majina ya wengine ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Kila jina lililotoka lisilo langu lilinipunguza. Karani akasomwa, akashika kichwa kama aliyepigwa. Dereva hakusomwa. Mama Kantini hakusomwa. Nikasubiri. Yule mtu akakunja karatasi yake akaingia ndani, nami bado nasubiri.

Mkaguzi alikuwa kwenye veranda, mikono nyuma. Dereva ndiye aliyepata sauti.

"Mkaguzi! Tuambie basi kosa! Umetuvuta, umeona nini?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Akafungua mdomo, naona mpaka leo, akaufungua kabisa. Halafu akaufunga, akatazama chini.

Nilivuka kwenda Sengerema na familia yangu na godoro. Nilianza kwa kuuza magunia matupu, nikaja kununua mahindi, nikaja kununua mashine ya kusaga, halafu ya pili, halafu lori. Hakuna mkopo wala mjomba. Watu husema niliinuka kwa akili. Uongo. Niliinuka kwa hofu. Kila asubuhi nilikuwa naamka na mtu mwembamba yuko nyuma yangu, amenipima, ameniona sifai. Nikawa nafanya kazi ili akosee. Mteja akinyamaza mbele ya unga wangu, akiuchukua kidoleni auonje, mwenye mashine nzima mimi nilikuwa natoka jasho. Mke wangu alinizoea. Alisema, "Baba, ni unga tu."

Karani alipata kunipitia, akanieleza kwamba hata Mkaguzi mwenyewe alitolewa baadaye. Alibakizwa kuonyesha vitu, alipomaliza kuonyesha akaambiwa asante. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi nikaagiza nyama.

Nilikuja kumwona Busisi, ninasubiri kivuko na lori langu limejaa mchele, foleni ndefu, jua limepanda. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda cha mama wa chai. Kofia ilikuwa nyingine, na mwili umekauka. Nilishuka bila kufikiri. Na mnajua nilifanya nini, mimi tajiri? Nilifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba." Akaniangalia sana. "Mashine ya tatu. Upande wa ukutani."

Nikaketi. Tukaulizana ya nyumbani: mke wake alishafariki, yeye anaishi kwa binti yake, anatoka hospitali ya Sengerema alikokwenda kwa ajili ya macho. Niliagiza chai mbili. Nilikuwa nimejiandalia maneno miaka na miaka, ya kumchoma, na yote yakanipotea kichwani, likabaki moja.

"Mzee, nilikuwa na kosa gani?"

"Lini?"

"Siku ya majina. Uliniacha."

Akaweka kikombe chini. 

"Sikuchagua mtu," akasema.

"Mzee, Dereva aliona kidole."

"Kidole kilikuwa kwenye mashine. Waliniuliza vipuri. Ipi ina mota nzima, ipi imekufa, funguo za bohari ziko wapi. Siku tatu, vipuri. Walikuwa na ramani ya ukumbi, wakapiga mstari kati. Mashine za upande wa dirishani zinabaki, za ukutani zinauzwa vyuma chakavu. Mtu akaenda na mashine yake."

"Na Karani? Na mama wa kantini?"

"Karani, stoo yake ilikuwa upande wa dirisha. Kantini ilikuwa nyuma ya ukuta, na lori la Dereva lilikuwa linalala huko huko."

 Miaka yote ile, na kulikuwa na mstari tu. Hakuna aliyenivuta. Nakwambia, hofu niliyokuwa nayo kabla ilikuwa ya mtoto mbele ya hiyo. Kukataliwa kuna mtu upande wa pili. Hapa nilitazama upande wa pili nikaona patupu.

"Mbona hukusema? Pale uani tulikuomba!"

"Nilitaka." Akavuta pumzi. "Nikawaona mnavyonitazama. Nikafikiri, wakijua hakuna aliyewapima, wataondoka na nini? Heri waondoke na mtu wa kumchukia. Hiyo moja." Akafuta macho yake mabovu kwa leso. "Ya pili ni aibu. Maisha yangu yote mkaguzi, watu wananiogopa. Wale hawakuniuliza hata mtu mmoja. Hata mmoja, bwana. Ningewaambiaje nyie hilo?"

Kivuko kilikuwa kinakaribia, magari yakaanza kuwashwa, mtu akanipigia kelele niondoe lori. Sikuinuka.

"Wangekuuliza," nikasema, "mimi ungenifanya nini?"

"Achana na hayo."

"Mzee, nakuomba. Nipime."

Akanigeukia. Sijui aliona kiasi gani kwa macho yale, lakini alinitazama kwa namna ile ile, bila haraka. Mwenye mashine mbili, mwenye wajukuu, nimekaa kwenye benchi la mama wa chai, nasubiri.

"Ningekutoa," akasema.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa na haraka ukikaribia mwisho wa wavu. Mistari ya mwisho, upande wa mkono wa kushoto, mafundo yako yalikuwa yanateleza. Nilikata nyingi. Nilikuwa najua ni zako kabla sijauliza." Akafikiri kidogo. "Asubuhi ulikuwa mzuri. Mzuri sana. Lakini wavu hauvuliwi asubuhi peke yake."

Ni kweli. Ilikuwa kweli kabisa, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anaijua, hata mke wangu. Nyuma yangu madereva walikuwa wananitukana kwa lugha zote za ziwa. Nikamshika mzee mkono nimpeleke akakae mbele kwenye lori, na ndani ya tumbo nikasikia lile fundo la miaka yote linaachia, polepole, mpaka mwisho.